Jiko la presha la umeme, lita 6: mahali pake ni kwenye maharage

Kwetu Kihonda, Morogoro, tuko watu saba mezani, na maharage hayakosi. Yakikosekana maharage kuna kunde, choroko au makande. Jiko hili nimelitumia karibu mwaka mzima, likiwashwa karibu kila siku, kwa hiyo ninayoyaandika ni ya jikoni, siyo yale ya kwenye boksi.

Ni lile la lita 6, wati 1,000, lenye sufuria ya ndani inayotoka, mfuniko wa kuzungusha na vitufe vya wali, nyama, maharage na supu. Nililinunua duka la vyombo hapa mjini kwa laki moja na themanini. Chapa siitaji kwa sababu pale dukani yalipangwa mengi yanayofanana kila kitu isipokuwa jina, na ninayosema yanahusu aina yote hii.

Kwanza niwatoe watu hofu ya umeme, maana jirani yangu alipoona tu namba ile ya wati aliniambia, "Dada, LUKU yako itaisha kabla ya maharage kuiva." Jiko hili halichoti umeme muda wote. Mvuke ukishafungiwa ndani presha inapanda, na maji yanafika nyuzi kama 115 badala ya zile 100 za sufuria ya kawaida. Likifika hapo linajizima, joto linabaki ndani kwa sababu ya kuta zake, kisha linawaka kidogo kidogo kulinda presha. Niliangalia mita kabla na baada ya kupika, friji ikiwa imechomolewa. Nusu kilo ya maharage ya njano yaliyolowekwa usiku kucha yalipewa dakika 25 za presha, na ukijumlisha muda wa kupanda joto na wa kutulia, haikufika saa nzima. Mita ilikula uniti 0.4. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, ambapo elfu moja inakupa uniti kama 2.8, hiyo ni shilingi 143 hivi. Mkaa wa kuchemshia maharage hayohayo haukuwahi kunitoka kwa chini ya shilingi elfu moja.

Walio kwenye ile bei nafuu ya watumiaji wadogo wanaogopa zaidi, kwamba wakivuka uniti 75 kwa mwezi wataondolewa. Pigeni hesabu. Ukichemsha maharage mara nne kwa wiki, mwezi mzima ni kama uniti 7. Mtu anayetumia uniti 50 ana nafasi ya kutosha kabisa. Aliye kwenye 70 ndiye wa kufikiri mara mbili.

Lakini pesa siyo iliyonifanya niandike. Ukitokea Kihonda ukaifuata barabara ya Dodoma utaona magunia ya mkaa yamepangwa pembeni, mengine yanashuka kwa baiskeli na pikipiki kutoka vijiji vya Mvomero na Kilosa. Ule ni msitu wa miombo uliochomwa chini ya udongo. Tanuri la udongo linapoteza sehemu kubwa ya mti, na kilo moja ya mkaa inatokana na kilo nyingi za kuni. Huku kwetu tunaishi chini ya Milima ya Uluguru, na mto Ruvu unaanzia humo kabla ya kwenda kuwanywesha watu wa Pwani na Dar es Salaam. Mti unaokatwa juu unaonekana kwenye maji ya chini, msimu wa mvua mto ukiwa tope na kiangazi ukiwa mwembamba. Ninaposema nimepunguza mkaa, namaanisha huo mlima ninaouona nikifungua dirisha la jikoni.

Na nimepunguza kwelikweli. Gunia lililokuwa likiisha ndani ya mwezi sasa linavuka mwezi wa tatu. Sijaacha mkaa kabisa, na wala sidhani mtu anahitaji kungoja mpaka aweze kuacha kabisa ndipo aanze. Angalia mkaa wako unaishia wapi. Kwangu haukuwa unaishia kwenye chai wala mboga za majani. Ulikuwa unaishia kwenye vitu vya kuchemka saa mbili au tatu: maharage, makande, utumbo, kongoro, nyama ya ng'ombe mzee. Hivyo vyote nimevihamishia kwenye presha. Ukihamisha hivyo tu, umeshahamisha sehemu kubwa.

Sasa ubora wa chakula chenyewe. Makande ni ushindi mtupu: mahindi yaliyokobolewa na maharage, dakika 45, yanatoka laini na punje haijapasuka. Kongoro inaachia mfupa. Kunde angalia, dakika 12 zinatosha, ukizidisha unapata uji. Kisamvu kilichotwangwa kinapendeza sana, ila nazi ina utaratibu wake: pikia tui jepesi, na tui zito ulitie baada ya kufungua mfuniko, jiko likiwa kwenye kitufe cha kukaanga, huku ukikoroga. Tui zito likifungiwa kwenye presha linakatika. Wali unaiva vizuri kwa maji pungufu kuliko ulivyozoea, lakini ukoko haupo, na kwangu kuna watoto wanaogombea ukoko.

Mama mkwe alikuja kutoka Mgeta, nikamwandalia maharage bila kumwambia yamepikwa na nini. Alikula, akaomba tena, kisha akauliza, "Mwanangu, moto umekoka saa ngapi? Mbona sikusikia harufu ya moshi?" Nilipomwonyesha, alichogusa kwanza ni ukuta wa jiko, akashangaa kwamba halichomi. Kwa mtu aliyepika maisha yake yote kwenye mafiga, macho yakiwa mekundu kwa moshi, hilo ndilo lililomgusa, na mimi naliona kubwa kuliko vitufe vyote.

Ugali usijaribu, kuusonga kunahitaji sufuria inayokaa imara na mkono wenye nafasi. Chapati na samaki wa kukaanga vinabaki kwenye gesi. Nikisema gesi, naikubali, na mitungi inayogawiwa kwenye kampeni za nishati safi imewasaidia wengi. Serikali ilizindua mkakati wake Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034. Natamani tu umeme upigiwe debe kwa sauti ileile. Gesi ya mtungi inakuja na meli kutoka nje. Umeme wetu kwa sehemu kubwa unatoka kwenye gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara na kwenye maji, na Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115. Ni vya kwetu.

Kasoro zipo. Umeme ukikatika katikati, langu linasahau lilipofikia na unaanza kupanga dakika upya. Mpira wa mfuniko unanasa harufu, ukipika pilau leo, kesho uji wa maziwa unanukia binzari. Uutoe kila baada ya kupika, uoshe, uanike peke yake. Ekstensheni nyembamba za bei rahisi zinapata moto, lichomeke moja kwa moja ukutani. Usilijaze kupita nusu kwa nafaka na kunde, maana povu likiziba tundu la mvuke ni hatari. Mvuke uachie kwa mpini wa mwiko, uso ukiwa mbali.

Tatizo gumu zaidi ni la nyumba za kupanga zenye LUKU moja. Mpangaji mmoja akileta jiko la umeme, wenzake wanaona atawalia umeme wao. Nyumba ya jirani walimaliza hivi: walipika pamoja siku moja, wakasoma mita mbele ya wote, wakakubaliana mwenye jiko aongeze elfu tatu kwa mwezi kwenye mchango. Baadaye kikoba chetu kikaanza kununulia wanachama kwa zamu, mtu analipa kidogo kidogo kila Jumapili. Aliyefaidika kuliko wote ni mama lishe wa stendi: anachemsha maharage nyumbani alfajiri, kibandani anayaunga tu.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji kama ana mpira wa akiba na sufuria ya ndani ya ukubwa huo. Asipokuwa navyo, nenda duka la pili. Familia ya watu wanne kushuka chini itatosheka na lita 5. Ya watu saba kama yangu, lita 6 ndiyo ya chini kabisa, na ukipata lita 8 chukua.