Kupanda Říp: mlima mfupi, shughuli ya nusu siku

Říp una mita 459 tu kutoka usawa wa bahari, lakini umesimama peke yake katikati ya mashamba tambarare kaskazini mwa Prague, mji mkuu wa Cheki, hivyo unaonekana toka mbali. Ndipo, kwa masimulizi ya Wacheki, babu yao Čech alipopanda, akaitazama nchi na kuamua kuwa watu wake wakae hapa.

Panda treni ya Prague kwenda Ústí nad Labem, ushuke Roudnice nad Labem. Kutoka hapo fuata alama nyekundu, yaani mstari mwekundu kati ya miwili myeupe. Ni kilomita sita hadi saba. Wenye gari huegesha katika kijiji cha Rovné, chini ya mlima, wakabakiwa na nusu saa hivi ya kupanda, ila ndiyo yenye mwinuko wote. Mwamba ni wa volkeno na mawe yake yamesuguliwa na nyayo, kwa hiyo mvua ikinyesha yanateleza, zaidi wakati wa kushuka. Vaa viatu vyenye soli ya meno. Dira usiiamini huku: mwamba una magnetiti, madini yenye sumaku, na sindano huvutwa pembeni.

Kinachowaudhi wengi ni kufika juu na kukuta miti. Mlima ulikuwa mtupu hadi msitu ulipopandwa karne ya 19. Usigeuzie kileleni basi. Zunguka hadi kwenye sehemu za kutazamia. Ya upande wa Roudnice ndiyo tunayoipendekeza, kwa sababu ya vilima vya České středohoří vilivyochongoka upeoni.

Kanisa la mviringo la Mtakatifu George, ambalo mtawala Soběslav wa Kwanza alilikarabati mwaka 1126, ni dogo mno: ukumbi wa duara, mnara mwembamba upande mmoja, kijichumba cha altare upande wa pili. Majira ya baridi usishangae ukilikuta limefungwa. Moja ya mawe ya msingi ya Ukumbi wa Taifa wa Maigizo wa Prague, mwaka 1868, lilichukuliwa kwenye mlima huu.

Kando ya kanisa kuna kibanda cha chakula cha mwaka 1907, chenye maandishi ukutani kwamba Říp kwa Mcheki ni kama Makka kwa Muhammad. Wametia chumvi, na msomaji Mwislamu ataguna. Beba koruna (pesa za Cheki) taslimu na maji yako. Karibu na tarehe 24 Aprili, sikukuu ya George, hufanyika gulio la hija; asiyependa msongamano achague wiki nyingine.