Tahadhari: Muuzaji wa vinoo vya "almasi" na mikanda ya kunolea visu, Kisumu

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi mnaoanza kujifunza kunoa visu vya kukunja nyumbani, kuna mchuuzi anayezunguka hapa Kisumu na seti ya kunolea anayoiuza kwa shilingi 3,800, nami nawasihi msimlipe kabla ya kusoma maelezo haya. Seti yenyewe ni kisanduku cha mbao chenye kinoo cha pande mbili kilichoandikwa 1000 upande mmoja na 6000 upande wa pili (namba ya chembe za jiwe; ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi), kibao cha chuma anachodai kimepakwa almasi, ukanda wa ngozi uliobandikwa juu ya ubao wa kulainishia makali baada ya kunoa, kipande cha dawa ya kijani ya kupaka kwenye ukanda huo, na karatasi ya mafunzo.

Nilimkuta Jumapili moja karibu na soko la Kibuye. Kazi yangu ni kupandikiza miche ya maembe na maparachichi, kazi ambayo kisu butu huponda gome badala ya kulikata, na kikonyo hukauka kabla hakijashikana na shina. Kwa hiyo nilisimama. Aliniomba kisu changu, kile cha Victorinox ninachotembea nacho kila siku, akakipitisha kwenye kinoo mara saba au nane, akakifuta kwa kitambaa kilichokunjwa mapajani mwake, kisha akakata gazeti vipande vyembamba kama kinyozi anayeonyesha wembe mpya. Baada ya hapo akachukua kile kibao na kukwaruza kipande cha kioo, akasema hakuna kitu kinachokwaruza kioo isipokuwa almasi. Nikatoa simu nikalipa.

Lile onyesho la kioo ndilo linalowanasa wengi. Kioo hukwaruzwa hata na mchanga wa kawaida, kwa kuwa chembe zake ni ngumu kukizidi, na chembe za msasa wa bei ya chini ni ngumu zaidi ya mchanga. Kibao cha almasi ya kweli kitakwaruza kioo, naam, lakini kipande cha msasa kilichobandikwa kwenye bati nacho kitakikwaruza vilevile, kwa hiyo mkwaruzo huo haumthibitishii mnunuzi chochote.

Nyumbani nilikiloweka kinoo kwenye karai, na baada ya dakika chache maji yakawa ya bluu. Upande ulioandikwa 6000 ulikuwa umepakwa rangi tu, na rangi ilipotoka, jiwe lilikuwa lilelile la upande wa pili. Upande wa 6000 wa kinoo halali huwa laini, ukipitisha ukucha unateleza. Huu wa kwangu ulinisaga ukucha kama tupa. Ukanda nao haukuwa ngozi. Siku ya tatu ulianza kubanduka magamba, na chini yake kukaonekana kitambaa cheupe. Dawa ya kijani haikuacha alama yoyote nyeusi kwenye ukanda hata baada ya kupitisha kisu mara hamsini, ilhali dawa inayofanya kazi huondoa chuma kidogo kidogo, na chuma hicho huonekana kama michirizi myeusi. Nadhani ni nta iliyotiwa rangi.

Kuhusu gazeti lililokatwa vizuri, jibu nililipata kwenye bawaba ya kisu, ambamo nyuzi nyembamba za chuma zilikuwa zimenasa. Kinoo hakitoi nyuzi za namna hiyo, hutoa tope. Nyuzi hutoka kwenye kile kifaa cha vyuma viwili vilivyopishana, ambacho kisu huvutwa katikati yake na makali hukwanguliwa kwa nguvu. Makali yake hukata karatasi papo hapo, lakini huwa na meno kama ya msumeno na hayadumu. Naamini kifaa hicho ndicho kilichokuwa ndani ya kitambaa.

Karatasi ya mafunzo inastahili onyo lake peke yake. Inamwambia mwanafunzi asukume makali mbele kwenye ukanda, jambo ambalo litaukata ukanda na kuharibu makali. Kwenye ukanda kisu huvutwa kwa kurudi nyuma, mgongo ukitangulia. Inamwambia pia abadilishe ulalo wa kisu, yaani pembe kati ya kisu na jiwe, kila anapokipitisha, ilhali kazi yote ya kunoa ni kushikilia ulalo mmoja, takriban digrii 15 hadi 20 kila upande, mpaka kidole kihisi kijiuzi cha chuma kilichojikunja upande wa pili, kuanzia shinani hadi nchani. Aliyeandika karatasi hiyo hajawahi kunoa kisu.

Nilipompigia kudai fedha zangu alisema bidhaa iliyoloweshwa hairudishwi, kana kwamba kinoo cha maji hununuliwa ili kiwekwe kabatini. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kudanganya kuhusu ubora wa bidhaa, lakini ili kumdai mtu ni lazima kwanza umpate, na sasa simu yake haipatikani.

Ukikutana naye, omba unoe kisu chako butu kwa mikono yako mwenyewe, bila kitambaa chake, na umwage maji juu ya jiwe huku akitazama. Akikataa, ondoka. Mimi sasa natumia msasa wa maji wa 400, 1000 na 2000 niliouweka juu ya kipande cha kioo, na kipande cha ngozi nilichopewa na fundi viatu, na kisu kinakata gome bila kuliponda. Kisanduku chenyewe bado ninacho, na yeyote anayetaka kukiona kabla hajanunua chake, nitakuja nacho Kibuye Jumapili.