Siku nne Mahébourg, Mauritius: uzoefu wangu mtoto wa mashamba ya miwa

Naanza na jibu kabisa la swali kama huu mji mdogo wa pwani unafaa kwenda, maana najua wengine mnasoma huku tiketi mmeshakata: ndio, nendeni Mahébourg, na msiende nusu siku kama wanavyofanya watu wengi wanaoletwa na gari kutoka hoteli za ufukweni, wanapiga picha mbili sokoni wanaondoka. Laleni pale angalau usiku mbili. Mimi na mdogo wangu tulikaa siku nne mwezi wa nane na bado kuna vitu hatukuvimaliza.

Niseme kwanza kwa nini niliuchagua huu mji, maana watu wengi nyumbani waliniuliza si uende tu Zanzibar kuna bahari ile ile. Mimi nimezaliwa TPC, ile kampuni ya mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari, Arusha Chini, kule chini ya Moshi, baba yangu alikuwa mkata miwa na tumekulia kambini. Wanaotoka kule wanaelewa, masizi yanavyoanguka kwenye nguo ulizoanika wakichoma shamba, harufu ya molasesi usiku kucha msimu wa kiwanda. Ile kampuni ilianzishwa na Wadenmark miaka ya 1930, baadaye ikawa ya serikali, halafu mwaka 2000 wakaja wawekezaji kutoka Mauritius. Kwa hiyo hilo jina nimekua nalo, kwetu Mauritius lilikuwa jina la kule wanakotoka mabosi, na siku zote nilitaka nikaone hawa watu walijifunzia wapi miwa.

Kufika ni rahisi kuliko nilivyofikiri. Tulipitia Nairobi, viza hatukuomba mapema, Mtanzania unaingia bure, unajaza fomu ya mtandaoni na uwanjani wanataka kuona tiketi ya kurudi na mahali pa kulala, wanakugongea muhuri. Uwanja wenyewe uko Plaisance, katikati ya miwa, na Mahébourg ni dakika kama kumi na tano tu kwa gari. Teksi ya kwanza ilitutajia bei ambayo mama wa gesti alishika kichwa tulipomwambia, so ulizeni gesti yenu kabla hamjapanda, au mkiwa na begi dogo kuna basi. Halafu jamani bebeni sweta! Mwezi wa nane kule ni baridi na upepo wa kusi unapiga upande huo wa kisiwa hasa, mdogo wangu alikuja na vigauni vyake vya bichi akaishia kuvaa koti langu siku zote nne.

Sasa kitu cha kwanza kilichonisimamisha, hata mji hatujafika, ni mawe. Ukitoka uwanjani kuelekea Plaine Magnien unaona katikati ya miwa kuna marundo makubwa ya mawe meusi, yamepangwa vizuri kama mapiramidi, mengine marefu kuliko nyumba. Nilimwomba dereva asimame. Kisiwa kizima ni cha volkano, ardhi ilikuwa imejaa mawe, na ili muwa upandwe lazima mawe yatoke, na kwa miaka mingi yalitolewa kwa mikono ya watu. Nilienda nikashika jiwe moja, lina vitundu vitundu, linakwaruza, ni zito kuliko linavyoonekana. Nilijaribu kuliinua nikalirudisha. Baba alikata miwa miaka ishirini na kitu, mgongo wake naujua, lakini yeye shamba alilikuta tayari. Hawa walianza na mawe.

Mji ni mdogo, mitaa imenyooka inakatana kama karatasi ya hesabu, nyembamba, nyumba nyingine za mbao na bati zenye vibaraza, nyingine za zege zisizopendeza, duka la vitambaa, duka la vifaa vya uvuvi, kanisa la Kikatoliki rangi ya maziwa, hekalu la Wahindu, msikiti, vyote unavifikia kwa mguu. Jina limetokana na gavana Mfaransa, Mahé de La Bourdonnais. Ukifika baharini unaona ghuba nzima na mlima Lion kwa mbali umelala kama simba kweli. Hapo mwezi wa nane 1810 Wafaransa na Waingereza walipigana kwa meli, Wafaransa wakashinda, na miezi michache baadaye Waingereza wakarudi wakachukua kisiwa chote. Kuna mnara wa kumbukumbu. Mimi mambo ya meli za vita hayanishiki sana, nilipita.

Makumbusho ya historia ya taifa yako kwenye jumba la zamani mwanzoni mwa mji ukitokea Curepipe, na hapo nendeni kwa ajili ya kengele. Ni kengele ya meli ya Saint-Géran iliyozama mwaka 1744, watu waliopona hawakufika kumi. Hadithi zake wengi wanazijua kwa sababu ya riwaya ya mapenzi ya Kifaransa, Paul et Virginie, lakini ile meli ilikuwa imebeba mitambo ya kiwanda cha sukari, na ilikuwa imebeba pia watumwa waliochukuliwa Gorée, kisiwa cha Senegal. Kwa hiyo sukari na watu, chombo kimoja, kikazama pamoja. Nilikaa mbele ya ile kengele muda mrefu mpaka mdogo wangu akaja kuniita.

Kasoro kubwa ya safari yetu iko hapa, nisikilizeni vizuri. Siku ya pili tulilipia ziara ya nusu siku, "historia ya sukari kusini mwa kisiwa". Bwana aliyetuongoza alikuwa mchangamfu, gari safi, muda alizingatia, sina ugomvi naye kwa hayo. Alitupeleka Ferney, ambako inasemekana miwa ilipandwa mara ya kwanza, Waholanzi waliileta kutoka Java mwaka 1639. Akatuonyesha mabomba ya moshi ya viwanda vilivyokufa, yamebaki yamesimama peke yake kwenye miwa (karne ya 19 vilikuwa zaidi ya 250, leo vimebaki vitatu tu vikubwa). Akazungumzia familia zenye mashamba, majumba, harusi, mapishi. Saa tatu nzima neno mtumwa hakulitaja hata mara moja. Nilipomuuliza nani alikuwa anakata hiyo miwa akasema "wafanyakazi kutoka India" akaendelea na safari.

Wahindi walikuja kweli, kuanzia 1834, zaidi ya laki nne na nusu, na wao pia waliteseka, pale Port Louis kuna Aapravasi Ghat waliposhukia, nendeni mkapaone. Lakini kabla yao kuna miaka karibu mia mbili. Na kwa mtu wa pwani yetu hii si historia ya mbali: mwaka 1776, Mauritius ikiwa bado ya Wafaransa, Mfaransa mmoja aliyekuwa akipeleka watumwa kule, Morice, alitiliana mkataba na sultani wa Kilwa apelekewe watumwa elfu moja kila mwaka. Kilwa hii hii ya Lindi. Watu kutoka pwani yetu na Msumbiji wote walibatizwa jina moja kule, "Mozambik", lugha zao na makabila yao yakafutwa hapo hapo. Utumwa ulipopigwa marufuku, tarehe 1 Februari 1835, serikali ya Uingereza ililipa fidia kama pauni milioni 2, ikawalipa wenye mashamba. Walioachiwa hawakupewa senti, na wakalazimishwa kubaki kwa mabwana wao miaka mingine minne wakiitwa wanagenzi, yaani eti wanajifunza kazi. Unawezaje kuuza ziara ya historia ya sukari ukayaacha haya? Nilimwandikia baadaye nikamwambia hivyo hivyo, kwa heshima, maana nadhani anaweza kufanya vizuri zaidi. Mkilipia ziara ulizeni mapema kama hii sehemu imo.

Kesho yake tulienda wenyewe kwa basi Vieux Grand Port, nauli ndogo tu, kuna magofu ya ngome ya Waholanzi na makumbusho madogo. Ile ngome watumwa waliichoma moto mwaka 1695. Hiyo habari ndiyo niliyokuwa naitaka nikiwa ndani ya gari la yule bwana.

Basi, mambo mazuri sasa. Kiwanda cha biskuti za muhogo cha Rault, ng'ambo ya daraja la Cavendish, mtaa unaitwa Ville Noire. Familia moja inatengeneza biskuti tangu 1870 na mtaona kila hatua, muhogo unamenywa, unakunwa, unakamuliwa, unakaushwa, unakuwa unga, kama nyumbani kabisa. Kina mama wamesimama mbele ya mabamba ya chuma yenye moto, wanajaza unga kwenye vifremu vidogo, wanasawazisha, wanageuza, mikono inaenda haraka hata hawaangalii. Na moto wanaowasha ni wa majani makavu ya miwa! Mimi nilijua kabla sijaambiwa, ile harufu ilinipokea mlangoni, ni harufu ya kambini kwetu. Biskuti yenyewe ni kavu, haina sukari nyingi, inataka chai. Kuna ya nazi, ufuta, mdalasini, mimi nilipenda ya nazi. Nilimpelekea baba pakiti tatu Moshi, akaivunja moja, akanusa, akauliza "hii wameoka na nini?" Nendeni siku ya kazi asubuhi, wikiendi msihangaike.

Soko kubwa ni Jumatatu, pangeni safari iangukie hapo. Vitambaa, mboga, pilipili, samaki, na chakula cha mtaani ambacho ndicho tulichoishi nacho. Mnataka dholl puri, ni kama chapati laini nyembamba ina dengu za kusagwa ndani, wanakupa mbili mbili na mchuzi wa maharage na nyanya na pilipili, zimekunjwa kwenye karatasi, haifiki shilingi elfu mbili ya kwetu na umeshiba. Pilipili yao mwambie kidogo tu, namaanisha kidogo.

Jioni mji unalala mapema, saa moja mitaa mitupu, mkitaka disko sio hapa. Ila usiku wa mwisho mama wa gesti alitupeleka kwa jirani zake ambako kulikuwa na sega, muziki na ngoma yao ya asili, sio ile ya hotelini, hii ya uani, na moto wa kukausha ravanne, ile ngoma yao ya ngozi ya mbuzi. Mzee mmoja, wote wanamwita tonton, yaani mjomba, na mimi nikamwita hivyo hivyo, alikuwa na kitu mikononi anakitikisa kulia kushoto, kisanduku bapa. Nikamwambia mama anitafsirie, kwetu hii ni kayamba. Tonton akaacha kupiga. Akasema wao wanaita maravann, lakini kisiwa cha jirani, Réunion, wanaita kayamb. Akanipa nikishike. Kayamba zetu ni za matete, hii ilikuwa ya vikonyo vya maua ya muwa, mbegu zinamwagika ndani kwa sauti ile ile. Akaniwekea vidole vyangu sawa, akaniambia piga, nikapiga mpaka wimbo ukaisha na ulianza mwingine.

Mengine kwa haraka: Blue Bay maji ni mazuri kweli lakini mwezi wa nane ya baridi, Île aux Aigrettes kuna kobe wakubwa na njiwa wa rangi ya waridi, boti inatoka Pointe Jérôme, wekeni nafasi siku moja kabla. Kama mna siku ya ziada ongezeni Port Louis kwa basi, makumbusho ya utumwa yaliyofunguliwa 2023 yako pale kwenye hospitali ya zamani ya jeshi, yanasema yote ambayo yule bwana wa ziara aliyaacha. Gesti zipo nyingi, chagueni za karibu na bahari, na pesa taslimu muwe nazo maana wauza dholl puri kadi hawana.