TAHADHARI: Tapeli wa "Sercial 1994"

Wapenda mvinyo, kuna mtu anazunguka mitandaoni akiuza chupa za Madeira, mvinyo wa kisiwa cha Ureno chenye jina hilo, zilizoandikwa Sercial 1994 (aina ya zabibu na mwaka wa mavuno), daraja la frasqueira, yaani Madeira ya mavuno ya mwaka mmoja iliyokaa muda mrefu kwenye pipa. Rafiki yangu ameshamlipa. Chupa aliyoletewa nimeishika mwenyewe: ni feki.

Itazame kwanza. Frasqueira nyingi huandikwa kwa rangi nyeupe juu ya kioo chenyewe, ndiyo maana matapeli wanazipenda. Kwenye chupa hii rangi imekaa juu ya vumbi. Ukipitisha kidole kibichi, herufi inatoka pamoja na uchafu ulio chini yake. Yaani vumbi lilitangulia maandishi!

Halafu ionje. Sercial ni zabibu nyeupe inayotoa Madeira kavu (yenye utamu mdogo) kuliko aina zake nyingine zinazojulikana, na uchachu wake unakata ulimi. Hii ni tamu kama sharubati. Karatasi ya nyuma inataja kilevi cha asilimia 14, wakati Madeira huongezewa spiriti ya zabibu na huwa kati ya 17 na 22. Kwangu hilo peke yake linatosha.

Rafiki yangu alipomlalamikia, jamaa akajibu kwamba mvinyo mkongwe hugeuka ladha mara ukifunguliwa. Uongo mtupu, na unaniudhi kwa sababu unawanyamazisha wageni wa mvinyo huu. Madeira imeshazoeshwa joto na hewa tangu ikiwa kwenye pipa. Ikifunguliwa hukaa miezi bila kuharibika.

Mkimkuta, mwulizeni chupa zilijazwa mwaka gani. Sisi alituambia 2009. Frasqueira lazima ikae kwenye pipa miaka isiyopungua 20, kwa hiyo zabibu za 1994 zisingeweza kuuzwa kwa jina hilo kabla ya 2014. Dai pia picha ya karibu ya muhuri wa IVBAM, taasisi inayosimamia mvinyo wa Madeira. Kwetu alisema umebanduka kwa uzee. Chupa zote tatu anazoonyesha pichani, muhuri umebanduka?

Waliolipa kwa kadi wawahi benki kupinga malipo, wasikubali kungoja "mzigo mwingine" anaoahidi. Jina la akaunti ameshalibadilisha, ila picha ni zilezile: chupa tatu juu ya kitambaa chekundu, ya kati ina ufa mdogo wa nta shingoni.