Kununua gari-nyumba Marekani: tunaanzia lipi, tunaacha lipi

Mwaka 2021 viwanda vya Amerika Kaskazini vilipeleka kwa wauzaji magari-nyumba na trela za kuishi zaidi ya 600,000. Mwaka 2023 idadi ilishuka hadi takribani 313,000. Ndiyo maana yadi leo zina mali nyingi iliyotumika ya 2021 na 2022, iliyoundwa wakati Elkhart, Indiana, mji yanakotengenezwa mengi ya magari haya, ikikimbizana na oda. Bei inaongeleka. Kasoro nazo zipo, kwa hiyo kagua kabla hujapenda.

1. Trela ya kuvutwa, mita 6 hadi 7.5. Kwa familia yenye pikapu, hii ndiyo ya kwanza. Haina injini ya kukufilisi, ukifika kambini unaifungua na gari linabaki huru, na ndiyo aina inayouzwa zaidi sokoni, hivyo kuiuza tena si kazi. Yenye vitanda vya dabodeka hutoka haraka zaidi.

Watu hukosea kwenye uzito. Wanaangalia uwezo wa kuvuta pekee. Fungua mlango wa dereva wa pikapu usome kibandiko cha mzigo unaoruhusiwa kubebwa. Tuseme ni kilo 650. Watu wanne ni kilo 280, mizigo na kiungo cha kuvutia 70, zimebaki 300. Trela iliyopakiwa yenye kilo 2,700 inatakiwa iegemee kwenye kiungo kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Hata kwa asilimia 12 hiyo ni kilo 324, umeshazidi, ingawa brosha inasema pikapu inavuta kilo 4,000. Ukihamishia mzigo nyuma ya trela ili kupunguza, ikishuka chini ya asilimia 10 itaanza kuyumba barabarani, na kuyumba huko ndiko kunakopindua watu.

2. Vani iliyogeuzwa nyumba. Ni ya watu wawili, juu ya Mercedes Sprinter, Ford Transit au Ram ProMaster. Inaegeshwa karibu popote na hushika bei vizuri, ila unalipa pesa nyingi kwa nafasi ndogo. Uliza betri: ya risasi ya Ah (ampea-saa) 100 inakupa kama Ah 50 za kutumia bila kuidhuru, ya lithiamu inakupa karibu zote, lakini isichajiwe chini ya nyuzi 0 kama haina kipasha joto.

3. Daraja C, yaani gari-nyumba lenye injini yake na kitanda juu ya kichwa cha dereva. Linafaa wenye watoto wasiotaka kuvuta trela. Udhaifu wake ni hapohapo juu: paa na kuta hukutana kwenye pembe inayopigwa na upepo na mvua safari nzima. Lisilo na dirisha la mbele kwenye kitanda hicho ni salama zaidi.

4. Trela ya gurudumu la tano, inayofungwa ndani ya bodi ya pikapu badala ya nyuma yake. Ni nzuri kwa anayeishi humo mwaka mzima. Huegemeza asilimia 20 hadi 25 ya uzito wake katikati ya bodi hiyo, kwa hiyo hesabu bei ya pikapu kubwa pia.

5. Daraja A, gari-nyumba kubwa kuliko yote yenye injini. Ni refu kama basi, na matengenezo yake ni ya basi. La mwisho kwa mnunuzi wa mara ya kwanza.

Lolote utakalochagua, adui ni maji. Panda ngazi uangalie gundi ya kuzibia kuzunguka matundu ya paa. Nyufa nyembamba kama unywele zinatosha kupitisha mvua. Ukikuta silikoni ya kawaida imepakwa juu ya paa la mpira, huenda mtu alikuwa anaficha uvujaji: haishiki vizuri, na gundi sahihi haitashika juu yake. Simama pembeni ya ukuta jua likiwa chini. Uvimbe kama malengelenge maana yake tabaka za ukuta zimeachana, na kuzirudisha ni gharama kubwa. Ndani, kanyaga sakafu mlangoni na kwenye pembe, kisha pima mbao kwa kipima unyevu. Zaidi ya asilimia 20, iache.

Matairi ya trela huzeeka kabla ya kulika. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni mwa tairi: 3521 ni wiki ya 35 ya 2021. Yakikaribia miaka 6, toa bei ya seti mpya kwenye ofa yako. Muuzaji akikataa kuunganisha maji, gesi na umeme uone kila kitu kikifanya kazi, ondoka.