Gundi ya ekzosi kwenye kibao cha grafiti: uzoefu wangu

Kwa wenye haraka: gundi hii ya kuzibia ekzosi (bomba la moshi la gari) inavumilia moto kweli, ila haivumilii nguvu. Ukiipa kazi ya kujaza nafasi, itakaa. Ukiitegemea ishike mpini peke yake itakuachia, na itachagua kukuachia wakati kioo cha moto kiko mkononi.

Natengeneza shanga kwa chupa zilizotumika, kwa kichomeo cha gesi na oksijeni. Kifaa ninachokishika kutwa ni kibao cha grafiti: kipande bapa, cheusi, chenye fimbo ya chuma inayoingia ubavuni na mpini wa mbao nyuma. Kioo kilicholainika hakigandi kwenye grafiti, kwa hiyo juu yake ndiko shanga inakoviringishwa na kuwekwa sawa. Ubaya ni kwamba grafiti ni laini. Fimbo ikianza kucheza inazila njia za skrubu ndani ya tundu mpaka zinabaki vumbi. Changu kilicheza, kikacheza, halafu siku moja kibao kikabaki mezani na mimi nimeshika fimbo.

Kununua kingine huku si rahisi. Unaagiza nje, na ukishajumlisha nauli na ushuru unakirudia kile kibovu kwa upendo mpya.

Gundi za kawaida niliziondoa kwenye hesabu mapema. Super glue inaanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi, hata maji hayajachemka. Epoksi ya mirija miwili, ile yenye unga wa chuma, ni ngumu na inashika vizuri sana, lakini hata zile zinazovumilia joto zaidi, mwisho wake ni kama nyuzi 280. Fundi mwenzangu aliitumia kwenye chake. Kikiwa baridi ungesema kimechomelewa. Kazi ilipopamba moto ikaanza kunuka, ikalainika, kibao kikageuka upande huku shanga iko juu yake. Ile silikoni nyekundu ya gasketi, wanayoipenda mafundi magari, inavumilia joto zaidi ya hapo, lakini ni mpira. Kibao kinachonesa hakinyooshi kitu.

Ndipo fundi wa magari mmoja akaniambia nitafute gundi ya kuzibia ekzosi. Inauzwa maduka ya spea kwenye kopo dogo, bei yake kama sahani mbili za chipsi mayai. Sitaji jina kwa sababu zipo za kampuni kadhaa na msingi wake ni uleule: sodiamu silikati iliyochanganywa na unga wa madini. Langu limeandikwa nyuzi 1,000. Usiisome namba hiyo kama ahadi kwa kifaa kizima, maana grafiti yenyewe ikikaa kwenye hewa inaanza kuliwa na moto kuanzia nyuzi 450 au 500 hivi, ndiyo sababu kingo za vibao vya zamani huwa zimepungua. Kwenye shingo, pale fimbo inapoingia, joto halifiki huko. Kwa hiyo gundi ina akiba ya kutosha.

Ukifungua kopo unakuta kitu cha kijivu, kizito, chenye chembechembe za mchanga. Harufu hakina. Vaa glavu, kwa sababu kinaunguza ngozi taratibu, na linda macho. Miwani pia: ikidondokea kwenye lenzi ikakauka, sahau kuitoa, inakula kioo.

Kazi kubwa ni maandalizi. Nilisugua fimbo kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakwangua vumbi lote ndani ya tundu, nikafuta kwa spiriti. Kisha nikatoboa tundu jembamba kwa drili, likapita kwenye grafiti na fimbo kwa pamoja, la kupitisha pini ya chuma. Grafiti inatoboka kama haina mwenyewe, lakini vumbi lake linapitisha umeme, kwa hiyo usiliache liingie kwenye mota ya drili. Pini isibane. Chuma kikipata joto kinatanuka karibu mara mbili ya grafiti au zaidi, na ukikibana kitaipasua. Iache icheze kidogo, gundi ndiyo itakayojaza hiyo nafasi.

Kabla ya kupaka, lowesha kidogo pande zote mbili kwa maji. Grafiti ina vitundu vidogo, ikiwa kavu inanyonya maji ya gundi kabla haijashika. Nilijaza tundu, nikaingiza fimbo huku naizungusha ili hewa itoke, nikapitisha pini, nikafuta iliyofurika. Usiache hata tone upande wa kufanyia kazi, kwa sababu gundi hii inapenda kioo kuliko inavyopenda chuma.

Sasa sehemu ambayo maandishi ya kopo yameipitia juu juu: kukausha. Hii gundi inakuwa ngumu kwa kupoteza maji. Nilipaka kidogo kwenye kipande cha bati, nikakipiga moto kingali kibichi nione. Maji yalichemka ndani, gundi ikaumuka, ikawa povu jeupe lililokauka, na nilipoligusa kwa ukucha likavunjika. Hivyo ndivyo ingekuwa ndani ya tundu lako kama ungekimbilia kazini. Mimi nilikiacha kibao mahali pakavu usiku kucha, kisha nikakiweka kwenye tanuri langu la kupozea shanga taratibu zisipasuke, kwanza chini ya nyuzi 100 kwa muda mrefu, halafu nikapandisha pole pole. Kilipotoka, shingo ililia ngumu nilipoigonga kwa kucha, kama kauri.

Tangu hapo nakitumia kila siku ya kazi. Hakichezi. Hakinuki. Kuna nyufa nyembamba mbili tatu zimezunguka shingo, na nilizitegemea: chuma na grafiti havitanuki sawa, na gundi yenyewe haijui kujikunja. Pini ndiyo inayobeba uzito, gundi inazuia mtikisiko. Bila pini nisingempa mtu kibao hiki akitumie.

Maji ni adui wake. Wenye mazoea ya kuchovya vifaa kwenye ndoo ili vipoe waache hiki kipoe chenyewe mezani, kwa sababu gundi isiyoiva sawasawa inayeyuka tena. Na kikianguka sakafuni sidhani kama kitasamehe.

Nimeulizwa na wawili watatu kama inafaa kwa vitu vingine. Koleo la kushikia kioo, hapana, hapo panahitaji kuchomelewa. Bomba la kupulizia, hapana kabisa, linazungushwa likiwa na uzito wa kioo mbele. Mpini wa patasi au kijiti cha grafiti cha kutobolea, sawa, mradi kuna mahali pa kuweka pini. Na kichomeo chenyewe, mipira yake na viungo vyake vya gesi, usivipelekee gundi ya aina yoyote. Hii inapata nyufa ikishapitiwa na joto, na ufa mdogo unatosha gesi kupita. Kinachovuja kinabadilishwa.

Kwa uvumilivu wa joto naipa 5 kati ya 5, kwa kushika 2, kwa bei 5. Kopo likishafunguliwa, futa mdomo wake vizuri kabla ya kufunga na weka kipande cha nailoni chini ya kifuniko, la sivyo utakapoirudia utaikuta jiwe.