Uongozi na kujitolea bwenini: nafasi nilizoshika na ninavyozipima

Wanafunzi wengi wanaofikiria kuomba nafasi ya uongozi kwenye bweni la chuo huuliza kwanza itawaongezea nini kwenye wasifu wa kazi. Mimi huwaambia waanze na swali jingine: mambo yakiharibika saa nane za usiku nitampigia nani simu, na je, atapokea? Nimejitolea kwenye wiki ya mapokezi, nikawa mwakilishi wa ghorofa katika kamati ya bweni, na mwisho nikawa kiongozi wa ghorofa mwenye zamu na funguo. Nafasi zote nimezipenda, ila si kwa kiwango kimoja. Kilichozitofautisha kwangu si cheo wala marupurupu, ni namna nilivyoandaliwa na nani alikuwa nyuma yangu.

Wiki ya mapokezi ndiyo ningempa yeyote bila kusita. Kazi yenyewe ni kubeba mizigo, kuelekeza watu, kugawa funguo na kuhakikisha kila mgeni amejaza fomu ya hali ya chumba kabla ya kupanga vitu vyake. Hiyo fomu watu huidharau, kumbe ndiyo inayokuokoa mwisho wa mwaka usidaiwe kioo ulichokikuta kimepasuka. Nakumbuka mama mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni, mabegi yameshashushwa, maneno ya kuaga yamekwisha, na bado miguu haitaki kuondoka. Nikampa fomu. "Mama, tusaidie kuangalia kama droo zote zinafunga na kitasa kinashika." Akakagua chumba kizima pamoja na binti yake, wakabishana kidogo kuhusu doa la ukutani, wakaliandika. Alipomaliza alikuwa ameshaona kwa macho yake mahali mtoto wake atakapolala, na akaaga kwa utulivu. Kwa kazi ya siku chache tu, sijui nafasi nyingine inayokufundisha kusoma watu haraka hivyo.

Uwakilishi wa ghorofa una vikao, na vikao vina uvivu wake. Unapeleka malalamiko ya mashine za kufulia, unarudi na ahadi. Hata hivyo hapo ndipo nilipojifunza kuomba pesa kwa maandishi: shughuli gani, kwa ajili ya nani, gharama kiasi gani, nani atasimamia. Kamati za aina hii zinaweza kufika mbali zikipewa nafasi. Marekani vyama vya wakazi wa mabweni vina shirikisho lao, NACURH, lenye mizizi katika mkutano wa vyuo vichache wa mwaka 1954, na mpaka leo linaongozwa na wanafunzi wenyewe. Kama kamati ya bweni lenu haina bajeti yake hata ndogo, mtakaa mkijadili mapambo tu, na wenye uwezo wataacha kuhudhuria.

Sasa uongozi wa ghorofa. Hii ndiyo nafasi inayobadilisha maisha yako ya chuo, na ndiyo yenye hatari ya kukumaliza. Kabla ya wanafunzi kuingia tulipewa mafunzo, na sehemu yenye manufaa kuliko zote ilikuwa maigizo. Viongozi wa zamani walijifungia vyumbani wakaigiza matukio: wapangaji wenza wanagombana, mwenye pombe hajitambui, mwingine analia na hataki kufungua. Sisi tunagonga bila kujua tutakutana na nini. Ukitoka, wenzako wanakuambia ulichokisema vizuri na ulichokiruka. Tulifundishwa pia huduma ya kwanza ya afya ya akili, mafunzo yaliyoanzia Australia mwaka 2000 na kusambaa nchi nyingi. Jambo nililolitumia zaidi kutoka huko ni dogo: muulize mtu waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Humwonyesha kwamba kuna anayeweza kulisikia.

Usiku mmoja mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alinisimamisha kwenye korido. "Dada, nikikuambia kitu, utaniahidi hutamwambia mtu?" Tulikuwa tumefundishwa jibu, nikalitoa: sitakitangaza, lakini kama maisha yako au ya mwenzako yako hatarini, nitampeleka habari mlezi wa bweni, na nitakuambia kabla sijafanya hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akaongea. Mlezi alipokea simu mara ya kwanza, mshauri nasaha akafika, nami nikaambiwa niende kulala. Kuambiwa niende kulala ni sehemu ya huduma hii ambayo haiandikwi kwenye tangazo la nafasi. Kuna bweni jingine ambako rafiki yangu alishika cheo hichohicho kwa maelekezo ya karatasi moja, na namba ya dharura ilikuwa haipokelewi usiku. Alibeba mambo mazito peke yake mpaka masomo yakayumba. Kosa halikuwa lake hata kidogo.

Siku nyingi, lakini, ni za kawaida. Unapita ghorofa kwa ghorofa, unaandika taa iliyoungua, unaondoa kandambili iliyowekwa kuzuia mlango wa moto usijifunge. Mlango ule umetengenezwa ujifunge wenyewe ili moshi usijae kwenye ngazi ambazo watu watazitegemea kukimbilia nje, kwa hiyo niliiondoa kandambili kila nilipoikuta na kumweleza mwenyewe sababu. Ugomvi wa taa kati ya wanaoishi chumba kimoja nao hauishi. Tulichofanya ni kuwakalisha wiki za mwanzo, bado wakipendana, waandike makubaliano: saa ya kuzima taa, wageni, usafi, kuazimana vitu. Ugomvi ukija, mnarudi kwenye walichoandika wenyewe, na sauti zinashuka.

Kuhusu malipo nasema wazi. Mara nyingi kiongozi wa ghorofa hupewa chumba bure au punguzo, wakati mwingine na posho ndogo. Kujitolea ni kujitolea, na kazi ya zamu za usiku ni kazi. Viongozi wa mabweni wa Chuo Kikuu cha Massachusetts pale Amherst walipiga kura kujiunga na chama cha wafanyakazi mwaka 2002, na ninawaelewa kabisa. Chuo kinachokukabidhi usalama wa ghorofa nzima kinapaswa kuandika saa zako, siku zako za mapumziko na haki yako ya kukaa na vitabu wakati wa mitihani.

Alama zangu: mapokezi tano kati ya tano, uwakilishi tatu, uongozi wa ghorofa nne na nusu pale penye mafunzo na mlezi anayepokea simu. Pasipo na hivyo viwili, usikubali, hata chumba kiwe kizuri namna gani. Kwenye usaili omba kuonana na kiongozi anayemaliza muda wake, muwe wawili tu, umuulize zamu yake ya mwisho ilikuwaje na kama angeomba tena nafasi hiyo.